Kengele ya Dini Ikilia, Darasa Lakatika Vipande Viwili

Aliyesoma sekondari hapa Mombasa anaijua hii bila kuelezwa. Kengele inalia, ratiba yasema IRE, elimu ya dini ya Kiislamu, na CRE, ile ya Kikristo, kwa wakati mmoja, na darasa linaanza kugawanyika. Waislamu wabaki, Wakristo wainuka, wabeba vitabu na viti pia maana kule lebu, yaani maabara, wanakoenda stuli hazitoshi, na vile viti vyaburutwa sakafuni mpaka mwalimu wa darasa la chini anatoka kuangalia kuna nini. Dakika 5 zimeenda hivyo. Watoto waliokaa dawati moja tangu asubuhi, waliogawana mahamri na mbaazi saa nne, waachana pale mlangoni, na siku moja nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Haya, tutaonana baada ya dini."

Mie ni mwalimu wa IRE na Kiswahili, huu mwaka wangu wa 13, na hayo maneno niliyasikia nikapita nayo. Sikuyawaza tena mpaka muhula wa pili wa 2023.

Muhula ule mwenzangu wa CRE alikuwa likizo ya uzazi na wa kumshikia hajapatikana. Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, akaniambia, "Mwalimu, kaa nao wote, wape zoezi la Kiswahili." Nilitaka kumtii lakini silabasi ilikuwa imenipiga chenga, nilikuwa nyuma wiki mbili nzima, kwa hivyo nikawaambia wale wa CRE wakae tu kwa viti vyao, anayetaka kusoma kitabu chake asome, mie naendelea. Tulikuwa tumefika Surat al-Hujurat, aya ya 13, ile inayosema tumekuumbeni kwa mwanamume na mwanamke, na tukakufanyeni mataifa na makabila ili mjuane. Nikaisoma, nikaitafsiri, nikageukia ubao kuandika mafunzo yake kama kawaida, moja, mbili, tatu.

Mkono ukainuka nyuma. Kijana wa Kikristo, mtu wa mpira, si mtu wa maswali hata kidogo. "Mwalimu, kwani hiyo inatuhusu na sisi, ama ni yenu?"

Sasa hapo nataka muelewe. Katika sura ile Mwenyezi Mungu anaita mara tano, "Enyi mlioamini." Ikifika aya ya 13 mwito unabadilika, anaita "Enyi watu." Hiyo tofauti naijua, nimeifundisha miaka yote kama pointi ya kuandika na kukariri, na wanafunzi wangu wameiandika kwenye mtihani wakapata maksi. Lakini siku ile ndo mara ya kwanza kulikuwa na mtu mle darasani ambaye jibu lake lilikuwa linamgusa yeye. Nikamwambia, "Yakuhusu, aya yaanza na Enyi watu, na wewe ni mtu." Darasa zima likanyamaza, wallahi, hata wale wangu ambao huwa wanapiga miayo walikuwa wameinua vichwa.

Basi kipindi kikafunguka. Mnakumbuka ilikuwa ni wiki chache tu baada ya habari za Shakahola, wale waumini waliofunga mpaka wakafa, ile miili ilikuwa bado inafukuliwa kule msituni Kilifi, mwishowe ilipita 400, na wengi walikuwa watoto, na watu wa pwani hii kila mtu alikuwa anajua mtu anayejua mtu. Msichana mmoja ambaye kwao ni upande wa huko akasimama, sauti yake ikitetemeka kidogo. Akasema, "Wale waliambiwa wafunge mpaka wafe wamuone Yesu. Na nyinyi mwafunga Ramadhani, na sisi kanisani twafunga. Mtu atajuaje kufunga gani ni kwa Mungu na kufunga gani ni kuuliwa?"

Nimesoma chuo kikuu miaka 4, nimehudhuria semina sijui ngapi, sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo.

Sikulijibu. Nakiri nilitaka kulijibu, mwalimu hupenda kujibu, lakini kabla sijafungua mdomo mwanafunzi wangu mmoja akasema, sisi mgonjwa ana ruhusa ya kula, msafiri ana ruhusa, mjamzito akiogopea mimba yake ana ruhusa, mtoto hajawajibika. Mwingine kutoka upande wa CRE akasema hata kwao mchungaji huwaambia wenye vidonda vya tumbo wasifunge. Wakaanza kulivuta pamoja, huyu anaongeza, yule anakataa, mpaka wakafika mahali wenyewe: kwamba ibada ya kweli ina mlango wa ruhusa, na ukiona mtu amefunga milango yote na hataki kuulizwa, ogopa. Kisha mmoja akapinga, akasema mbona hata babake nyumbani hataki kuulizwa na si mtu mbaya, wakaanza upya. Kengele ikalia hakuna aliyeinuka.

Ile ndo falsafa. Watu wakisikia falsafa waona Wagiriki na mashuka yao, au maprofesa wanaogombana kwa maneno marefu. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995, alizunguka vijijini humu Kenya kuwahoji wazee, akatafuta wale wasiorudia tu hekima ya mababu, wale wanaoipima, wanaosema hapa wahenga walipata na hapa walikosea. Alitaka kuonyesha kwamba kuwaza kwa kina hakuhitaji shahada. Na hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, akawauliza Waislamu wenzake maswali magumu kuhusu elimu na hali yao, kisha mtu huyohuyo akawa Kadhi Mkuu. Kuuliza hakukumtoa katika dini. Hii mila ya kupima mambo ni yetu, yafanyika barazani kila jioni watu wakinywa kahawa chungu, ila mtoto akiingia darasani ndo anaambiwa aiwache nje.

Manake tunachowafundisha sai ni nini? Tuseme ukweli. Twawafundisha kutaja. Taja mambo saba, eleza sababu sita. IRE na CRE zimekuwa masomo ya kuokota A, mwanafunzi azichagua kwa sababu fizikia imemshinda, na sisi walimu twajua na twanyamaza kwa sababu mean, wastani wa shule, yapanda. Mwaka mmoja nilimkamata mwanafunzi na mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia majibu, ndani ya mtihani wangu mwenyewe wa dini. Karatasi ndogo, imekunjwa mara nne, mwandiko mzuri sana. Nilipoifungua nikakuta ameorodhesha umuhimu wa uaminifu katika Uislamu, pointi nane, zote sahihi. Nilikaa chini. Sikukasirika naye, nilijikasirikia mimi, kwa sababu yule mtoto alikuwa amefanya hasa kile nilichomzoeza, amebeba uaminifu kama mzigo wa kupeleka kwa karatasi na kuuacha pale.

Na kuna wale ambao hata hiyo nafasi ya kutaja hawapati. Nilikuwa na mwanafunzi Mhindu, na kitaifa HRE, elimu ya dini ya Kihindu, ipo, lakini shule yetu haina mwalimu wake, kwa hivyo saa ya dini alikuwa anaenda maktaba kufanya kemia peke yake, miaka 4. Kuna mwingine babu yake ni mzee wa kaya, zile kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia 2008, watalii waja kuziona, lakini yeye kwenye fomu ya shule aliandika Mkristo kwa sababu hakuona pa kuandika lingine. Mombasa hii! Mji ambao watoka msikiti wa Mandhry kule Mji wa Kale, wapita hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe pale Langoni, wafika kanisa la Roho Mtakatifu barabara ya Nkrumah, na hujatoka jasho. Watoto wetu wapita nje ya hizo nyumba kila siku na hawajui ndani watu wanaombaje wala wanaogopa nini.

Sasa nilipoanza kusema tuwe na kipindi kimoja cha pamoja, wazazi walinijia. Baba mmoja, mtu mzuri, mtu wa swala tano, alinifuata mpaka ofisini. "Mwalimu, mie mwanangu nimekuletea asome dini yake. Hizo za wenyewe zamhusu nini? Mtamchanganya." Simlaumu. Mie pia ni mzazi, na hofu yake ni hofu ya mtu anayependa. Nilimwambia, mzee wangu, mwanao ameanza madrasa na miaka 4, IRE yake iko palepale, sitaigusa hata dakika. Ninachoomba ni saa nyingine. Na katika saa hiyo hakuna kuswali wala kuomba, hakuna wa kumvuta mwenzake, Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 32 inakataza kumlazimisha mtu afanye kinyume na imani yake na mie nakubaliana nayo asilimia mia. Nikamuuliza pia, huyu kijana mwakani atakuwa chuo Nairobi au kazini bandarini, atakaa na kila aina ya mtu, wataka akutane na maswali yao mara ya kwanza huko, peke yake, ama hapa nikiwepo?

Hakunijibu siku ile. Wiki ya pili alituma ujumbe kwamba mtoto aruhusiwe.

Kwa wanaodhani kujua wengine kwapunguza imani, nawakumbusha Disemba 2015. Basi la kwenda Mandera lilivamiwa na Al-Shabaab, abiria wakaambiwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule, na Waislamu wakakataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Huyo ni mwalimu mwenzangu, Muislamu aliyejua dini yake, na kuijua ndiko kulikomfanya asimwache jirani yake. Silinganishi darasa na basi lile, hasha. Lakini kila nikisikia vile viti vyaburutwa namkumbuka.

Si kwamba hili halijajaribiwa. Hapa Kenya tulikuwa na somo la Elimu ya Jamii na Maadili enzi za mwanzo za 8-4-4, ule mfumo wa miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo, likaondolewa miaka ya mwanzo ya 2000, na sai ukilitaja kwa walimu vijana wakutazama tu. Uingereza kuna shule za sekondari zenye idara nzima inayoitwa Dini, Falsafa na Maadili, na tangu 2016 anayefanya mtihani wa taifa wa dini akiwa na miaka 16 lazima asome dini zisizopungua mbili. Ufaransa wamekwenda njia nyingine, dini si somo katika shule nyingi za serikali lakini falsafa ni lazima kwa wanafunzi wengi mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wake ni saa 4 za kuandika. Sisemi tuige, wao wana historia yao na sisi yetu, ila nasikitika kwamba katika huu mtaala mpya, gredi ya 10 imefika, na dini imekuwa somo la kuchagua ndani ya njia ya Sayansi za Jamii. Anayechagua sayansi aweza kumaliza sekondari bila mtu mzima yeyote kukaa naye na kumuuliza jema ni lipi na unalijuaje.

Kwa hivyo mie na mwenzangu wa CRE, amesharudi na mtoto ashaanza kutembea, tumeamua kutongojea wizara. Kila Alhamisi baada ya masomo, maana Ijumaa wengine wawahi msikitini, twakaa chini ya mkungu nyuma ya jikoni dakika 40. Hakuna maksi, hakuna kuandika. Kuna kopo la maziwa ya unga tumelitoboa kifuniko, anayetaka atia swali lake bila jina. Walianza 11, Alhamisi iliyopita nilihesabu 46, na yule wa maktaba alikuwa mmoja wao mpaka alipomaliza shule.

Swali la mwisho tulilotoa lilikuwa limeandikwa kwa penseli: "Mamangu huuza viazi karai. Askari wakipita huwapa mia mbili ili wasimwage karai lake. Hizo pesa ndo zanilipia shule. Mamangu atenda dhambi?"

Mwenzangu alilisoma mara mbili. Mmoja wa vijana akasema hongo ni haramu, imekwisha, mwengine akamgeukia akamuuliza, kwani karai likimwagwa utamlisha wewe? Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja na saa kumi na nusu ikatufikia vilevile, matatu za Likoni zikawa zangojewa, ikabidi niwafukuze. Ile karatasi nimeikunja nimeitia mkobani. Alhamisi hii twaanza nayo.