Koti Moja, Ukoo Mzima

Jamani, nani alimnunulia Shangazi simu janja? Nauliza kana kwamba sijui. Nilimnunulia mimi, tena kwa mkopo, nikidhani ataishia kuangalia video za mapishi na mahubiri.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaanza kulia mfululizo. Nikaruka kitandani nikijua kuna msiba, maana ukoo wetu hauamshani saa hizo ila kwa msiba au mchango wa msiba. Kufungua, picha. Mtoto kakaa uchi wa mnyama ndani ya karai, povu kichwani, analia mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana. Chini kaandika: "Mnamkumbuka huyu? 1979."

Huyo ni mimi. Mimi mwenye kitambi na dawa za presha. Na kwenye hilo grupu la ukoo yumo mkwe wangu, kijana niliyemkunjia uso siku nzima ya mahari mpaka akamwaga soda. Kaweka vikatuni vya kulia kwa kucheka. Sita.

Nikaandika, "Shikamoo Shangazi. Hiyo naomba uifute."

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa mzuri, sijui nini kilitokea."

Basi kaishusha albamu kutoka juu ya kabati, ile yenye kurasa za gundi na nailoni juu. Picha zimegandana humo. Ukibandua moja inaondoka na uso wa jirani yake. Bibi harusi wa Baba Mdogo sasa hivi hana kichwa. Anachofanya Shangazi ni kuzipiga kwa simu, na kila picha ina ndugu mmoja ambaye siku ile hakuwepo kabisa: kidole gumba chake.

Halafu akamleta Baba. Marehemu kasimama studio ya Kariakoo, nyuma pazia lililochorwa bahari na meli, koti, tai, mkono juu ya redio kubwa. Utoto wangu wote nimehubiriwa, "Sisi wakati wetu tulikuwa na redio!" Sawa. Picha ya pili, Baba Mdogo: meli ileile, redio ileile, koti lilelile. Nikavuta kwa vidole. Mkono wa kushoto, kifungo kimoja hakipo. Narudi kwa Baba: hakipo. Kumbe koti la studio! Unaingia na singlendi, unavalishwa, unapigwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Na kwa Baba mpiga picha kateleza kidogo, chini ya koti inachungulia kaptula.

Ya tatu ndiyo iliyovuruga grupu. Koti hilohilo, kifungo hakipo, ila ndani yake kuna mwanamume mrefu ambaye hakuna anayemjua. Mjomba anasema ni jirani. Mama Mkubwa anasema ni binamu wa Tanga aliyepotelea meli. Wamebishana siku mbili, bando zikaisha, wakajiunga tena. Shangazi, anayekumbuka hata nani alikula finyango mbili kwenye ubatizo wangu, kimya.

Mimi nikaenda kwenye sanduku la bati la marehemu Mama kutafuta silaha. Nikaipata. Shangazi kavaa kimini! Kimini hasa, magoti yanapunga upepo. Nyuma kwa wino wa buluu: "Ukumbusho, Desemba 1968." Waliokuwepo wanajua. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeshatangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo alikwenda studio kukiaga! Na ni huyuhuyu aliyemrudisha binti yangu ndani siku ya kipaimara akabadilishe gauni.

Pembeni yake, mkono juu ya kiti, yule mrefu. Ndani ya koti.

Marehemu mume wa Shangazi alikuwa ananifika mabegani.

Sikuirusha kwenye grupu, mimi si mnyama. Nilimtumia yeye peke yake na neno moja: "Shikamoo." Tiki zikawa za buluu. "Anaandika..." ikatokea, ikapotea, ikatokea. Baada ya robo saa karai likafutwa grupuni, bure kabisa, maana mkwe alishaliweka kwenye profaili yake.

Jibu lilikuja saa sita usiku.

"Marahaba. Hilo koti wote waliliazima, ila yeye ndiye lilimkaa."

Halafu: "Nisafishie kubwa."