Fremu za Msikiti wa Wazir Khan

Ukivuka lango kuu la Msikiti wa Wazir Khan, katika mji mkongwe wa Lahore, Pakistan, hufiki uani moja kwa moja. Unajikuta kwanza chini ya kuba, na kulia na kushoto kwako imepita njia yenye fremu za maduka. Wapo wanaokereka: biashara inatafuta nini mlangoni mwa nyumba ya Mungu?

Wana hoja. Mtume alikataza kuuza na kununua msikitini. Tena kwa miaka mingi vibanda vilijibandika kwenye kuta za nje hadi vikazificha, na vilipoondolewa wakati wa ukarabati ndipo uwanja wa mbele ulipopumua. Hapo sina ubishi.

Lakini fremu za ndani ya lango si vibanda vya uvamizi. Hakim Ilmuddin Ansari, tabibu wa mji wa Chiniot aliyepewa na Shah Jahan, mfalme wa dola ya Mughal, cheo cha Wazir Khan, alizipanga pamoja na msikiti wenyewe, ulioanza kujengwa mwaka 1634. Walikaa humo waandishi wa khati na mafundi wa kujalidi vitabu. Karibu na Lango la Delhi, mojawapo ya malango ya mji huo mkongwe, akajenga pia hamamu, na mapato yake nayo yakaingia kwenye wakfu wa msikiti.

Kwa nini yote hayo? Tazama ukuta. Ni wa matofali, si marumaru. Uzuri wake mwingi uko kwenye kashi-kari, vigae vya rangi vilivyokatwa kipande kipande na kupangwa vikawa maua, misonobari na aya. Kipande kimoja kikibanduka, mvua inapenya nyuma ya lipu, na majirani zake nao wanaanza kulegea. Ukuta wa namna hii hauachani na fundi, iwe mwaka wa kumi au wa mia tatu. Nani amlipe? Waumini wapitishiwe kikapu kila masika? Msimamizi wa nyumba ya wakfu Lamu au Unguja, ambayo pango lake hununua mikeka ya msikiti, hahitaji kuelezwa hesabu hii.

Na mpaka upo: ua na ukumbi wa sala viko ng'ambo ya mlango wa pili, bei haifiki huko. Vibanda vya nje vilipobomolewa, fremu za Wazir Khan zilibaki mahali pake.