Kadi ya Mchango Yenye Bastola

Kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na kwa kuwa usiku nilikuwa nikipekua magazeti ya zamani kwenye intaneti ili nijue bastola za kwanza zinazojipakia risasi zenyewe zilivyonadiwa kwa wanunuzi wa kawaida, flashi yangu ilikuwa imebeba mambo yote mawili nilipoingia kwenye duka la steshenari pale Miyomboni, Iringa mjini.

Magazeti hayo yana raha yake. Kitabu kitakwambia kwamba Hugo Borchardt alitoa bastola yake mwaka 1893 na kwamba Mauser C96 ikafuata. Gazeti linakuonyesha tangazo lenyewe, limebanwa kati ya sabuni na dawa ya kikohozi. (Ukitafuta Browning, kabla hujamfikia yule fundi wa Marekani ambaye bastola zake zilitengenezwa Ubelgiji, utapokewa kwanza na mashairi ya Robert Browning wa Uingereza.) Ukurasa nilioutaka ulikuwa na picha kubwa ya Mauser, aina aliyokuwa nayo Winston Churchill vitani Omdurman, Sudan, mwaka 1898: mpini wa mviringo kama wa ufagio, chemba ya risasi 10 mbele ya kifyatulio, na ala ya mbao ambayo ukiipachika nyuma inageuka kitako cha bunduki.

Picha hiyo ilitoka kwenye karatasi ngumu za kadi, tena rundo zima, na kijana wa dukani, ambaye hapendi kutupa karatasi, akazigeuza na kuchapa kadi zetu upande wa pili, akazitia kwenye bahasha na kuzigundisha. Bodaboda akazisambaza Kihesa na Ipogolo. Mbele palisomeka: “Tunaomba mchango wako utufikie kabla ya Ijumaa bila kukosa.” Nyuma palikuwa na Mauser.

Kabla ya adhuhuri simu ya mweka hazina ilikuwa haipumziki. Wadaiwa sugu, ambao ahadi zao tulikwisha kuzihesabu miongoni mwa marehemu, walituma fedha kamili pamoja na ya kutolea, na mmoja akaomba risiti yenye mhuri. Jioni akanipigia baba mdogo, kwa sauti ya heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nizaliwe.

“Kamwene, mwanangu. Wangu nimeshatuma. Sasa naomba kujua mapema: mchango wa kipaimara cha mdogo wake, mtakuja kuuomba na mzinga?”