Pipa la mama mkwe na ungo wa mama

Kamwene ndugu zangu. Mwezi wa kumi huku Polandi ni mwezi wa kabichi. Vidole vinaniwasha kwa chumvi tangu jana, kwa hiyo mkiona maneno yangu ni makali mnivumilie.

Nimeolewa kwenye familia ya wakulima karibu na Lublin. Shamba lenyewe si kubwa: viazi, matango, kabichi, matofaa, ng'ombe wachache. Mara ya kwanza kuingia chumba cha chini ya nyumba nilidhani ni stoo ya duka. Giza, baridi, harufu ya udongo na vitunguu saumu, na rafu zimejaa chupa za mdomo mpana: matango ya chumvi yenye majani ya shibiti, uyoga, biti, jemu ya plamu. Nikamuuliza mama mkwe huwa anauzia wapi. Alinitazama kama niliyeuliza bei ya wajukuu wake.

Kabichi wanaikata nyembamba kama ya kachumbari. Kila kilo inatiwa chumvi kama gramu 20. Hakuna siki, hakuna hata tone la maji. Inashindiliwa kwa ngumi ndani ya pipa la mbao mpaka itoe maji yake yenyewe na yaifunike. Zamani waliingia watu pipani wakaikanyaga kwa miguu, na mume wangu anasema ndiyo maana ya babu yake ilikuwa tamu zaidi. Juu unaweka ubao, juu ya ubao jiwe lililochemshwa. Siku za mwanzo pipa linatoa povu, na kila asubuhi mama mkwe anaitoboa kwa fimbo mpaka chini ili gesi itoke. Ikishachacha vizuri inapelekwa kwenye baridi, mnakula hadi masika yao yaanze. Kazi yote ni ya bakteria, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu. Harufu yake ndiyo iliyonimaliza. Nilifumba macho nikaona kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ule mkangafu, yaani mkali uliolala.

Halafu kuna hili. Nilipomtajia jirani mmoja mzee kwamba natoka Iringa, upande wa Ifunda, alinyamaza kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika kuanzia 1942, wakawekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda na kwingineko. Mzee analijua jina la Ifunda tangu utotoni. Mimi nimekulia huko na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Sasa mama yangu. Mvua zikikatika mwezi wa tano, mboga za majani zinakuwa bado zimejaa bustanini, na yeye anajua mwezi wa tisa zitakuwa vumbi. Basi tunachuma majani ya kunde na msusa, yaani majani ya maboga, tunamenya zile nyuzi, anayatokosa kidogo kwa chumvi, anakamua, anatandaza kwenye ungo juu ya kichanja. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Yakikauka yanapiga kelele kama karatasi, yanafungwa kwenye kiroba na kuning'inizwa jikoni penye moshi. Mwezi wa kumi anayaloweka, anaunga na karanga za kusaga, na ugali haubaki.

Kiangazi chetu ndio baridi yao. Akili ni ile ile. Tofauti ni kwamba mama mkwe akija mgeni anamteremsha chini akaone rafu zake, na mama yangu akija mgeni anaficha kiroba, anatuma mtoto dukani. Mboga kavu ni chakula cha shida, bwana! Ndivyo tulivyofundishana.

Tena tumeongeza balaa lingine. Nyumbani ukitaja kusindika, watu wanasikia biashara tu. Wanawake wanaitwa kwenye semina, wanapika jemu siku mbili, wanapewa vyeti, wanapiga picha na chupa. Kisha wanaambiwa habari za vifungashio, za nembo ya TBS, lile shirika la viwango, za soko. Wanarudi nyumbani na mtaji hawana, kwa hiyo jemu haipikwi tena. Hakuna aliyewaambia wapike chupa kumi za kula na watoto wao. Pita Ilula msimu wa nyanya uone matenga yalivyopangwa barabarani. Mjomba wangu aliwahi kuwamwagia ng'ombe nyanya kwa sababu bei haikulipa hata tenga lenyewe. Mwezi wa pili mkewe alikuwa ananunua nyanya ya paketi. Shamba ni lao!

Sisemi huku ni peponi. Vijana wengi wananunua matango dukani kama watu wote, na bila wazee lile pipa lingekuwa kuni. Lakini Warszawa watu waliotoka mikoani wanataniwa kwa jina la „słoiki”, yaani machupa, kwa sababu kila wakienda kwao wanarudi na chupa za mama kwenye buti la gari. Nikacheka, maana sisi nasi tuko hivyo hivyo: mtu wa Dar anayekwenda stendi kupokea mchele wa Kyela na parachichi za Rungwe ni chupa mwenzao. Mboga kavu tu ndiyo haipandi basi.

Desemba iliyopita nilijaribu nyumbani. Kabichi zipo tele, hali ya hewa yetu ya ubaridi inafaa, nikachukua ndoo mpya ya plastiki. Jiwe nikaona la nini, nikafunika sahani nyepesi. Kabichi ikaelea juu ya maji yake, siku ya sita ikaota manyoya ya kijani. Shangazi alifunua ndoo, akafunika, akaniuliza kwa upole huko Ulaya kama nalipwa kwa kula vile. Kisha akaibeba mwenyewe kwenda bandani.

Mwaka huu naenda na kipimo cha chumvi kwenye begi na jiwe nitaokota mtoni. Nimempigia shangazi kumwarifu. Amesema nije tu, nguruwe bado yupo.