Asiana 214: kosa la rubani au la aliyebuni kitufe?

Tarehe 6 Julai 2013, ndege ya Asiana, safari namba 214, iligonga ukuta wa bahari mbele ya njia ya kurukia huko San Francisco. Kati ya watu 307, walikufa 3. Hali ya hewa ilikuwa safi na Boeing 777 yenyewe haikuwa na hitilafu, kwa hiyo wengi wakahukumu mapema: rubani kazembea.

Hoja hiyo ina uzito. Mtambo wa ardhini unaoonyesha mteremko ulikuwa umezimwa, wakalazimika kushuka kwa macho, kazi ambayo rubani anatakiwa kuimudu. Kasi iliyolengwa ilikuwa noti 137 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Walipofika futi 500, nguvu ya injini ilikuwa bado chini kabisa na ndege inashuka futi zipatazo 1,200 kwa dakika, wakati mteremko wa kawaida unataka kama 700. Hapo ilikuwa lazima waghairi kutua na kupaa upya. Hawakughairi, na kasi ikaporomoka hadi noti 103 huku kipimo chake kiko mbele ya macho yao.

Sasa rudi kwenye futi 1,600. Ndege iko juu mno, rubani anataka ishuke upesi, anabonyeza FLCH, kitufe cha kuiamuru kompyuta ibadilishe kimo. Kumbe kwenye paneli zimeshawekwa futi 3,000, kimo cha kupandia endapo wangeghairi. Kompyuta inafuata namba hiyo na kuanza kupanda! Rubani anazima otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, na kurudisha wenzo za injini nyuma hadi mwisho. Katika modi ile, kitendo hicho kinaupeleka mfumo wa kudhibiti nguvu za injini kwenye HOLD: umewashwa, ila haugusi wenzo. Kilichobadilika mbele yao ni neno hilo la herufi nne juu ya skrini.

Wabunifu nao wana utetezi. HOLD inamwachia rubani apange nguvu kwa mkono bila kushindana na mashine. Sawa. Lakini mfumo huohuo, katika modi nyingine nyingi, huamka wenyewe kasi ikishuka mno. Kwenye HOLD hauamki. Rubani aliyekuwa na saa chache tu kwenye 777 aliamini utaamka. Wakaguzi wa Ulaya walishaligusia jambo hili walipokuwa wakiipima Boeing 787, ndege nyingine ya kampuni hiyo.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, katika ripoti ya 2014 iliwabebesha marubani chanzo kikuu, na ugumu wa mfumo pamoja na maelezo hafifu ya Boeing na mafunzo ya Asiana ikavitaja kama vichangizi. Binafsi ningeupa ubunifu uzito zaidi kidogo, kwa sababu ya kengele ya kuonya kuhusu kasi ndogo. Ililia sekunde 11 hivi kabla ya kugonga, ilhali injini zenye nguvu ya chini kabisa huhitaji sekunde kadhaa kupata nguvu. NTSB ikapendekeza ichunguzwe tahadhari inayozingatia hali nzima ya ndege: kasi ndogo kwenye futi 30,000 humwachia rubani nafasi ya kushuka aipate tena, kwenye futi 200 haimwachii kitu.