Acheni kupanda maua kwa kamba

Mvua za kwanza zinakaribia, na mbele ya nyumba nyingi hapa Mbeya kamba zimeshafungwa kwenye vigingi. Vitunguu vya maua ya gladiola vitakwenda mstari mmoja, mawe ya chokaa pembeni. Inaniuma, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ipo jirani tu. Bustani ya Mungu, kama inavyoitwa, ina aina zipatazo 45 za okidi, na uzuri wake wote hauna mstari.

Tazameni ua la porini linavyoenea. Kitunguu mama kinazaa vitoto ubavuni, kwa hiyo katikati panasongamana. Mbegu chache zinachukuliwa na upepo au maji, zinaota mbali. Sura hiyo ndiyo ya kuiga. Chukua vitunguu 20 au 30 vya aina moja, chuchumaa, vimwage kwa kiganja, kisha chimba palepale kila kimoja kilipoangukia. Vilivyogusana vitenganishe kwa upana wa vidole vinne, basi. Wengi wanaharibu hapa: wanaona pengo, wanahamisha kimoja, kisha kingine, na mstari unarudi. Pengo liacheni! Nyasi zitapita humo, na ndizo zinazofanya maua yaonekane yamejiotea.

Gladiola izame sentimita 10 hadi 15. Ikikaa juujuu, inalazwa na mvua ya Januari. Amarilisi shingo yake ibaki nje. Udongo mzito uinulie tuta na uuchanganye na mchanga, na samadi mbichi isiguse kitunguu, itakiozesha. Maua yakinyauka, usifyeke majani mpaka yawe ya njano, maana ndiyo yanayojaza kitunguu cha mwakani. Tulipu zisahauni: zinataka baridi ya wiki 12 hivi mfululizo, na hapa hata Juni udongo unapata joto mchana.

Anayekata maua ya kuuza, sawa, apande mistari. Kupalilia ni rahisi.

Ila Kitulo asiende mtu na jembe. Viazi vya okidi vimechimbwa mno kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kuvushwa Zambia, na okidi iliyong'olewa inakosa kuvu wa udongo wake, inakufa. Nunua kitaluni, au muombe jirani vitoto anapogawa shina lililosongamana. Naye atafaidika, kwani shina lisipogawanywa kwa miaka minne hivi, maua hupungua.