Mwongozaji mwenye kamera begani

Mwaka jana nilishika bumu, ule mti mrefu wa maikrofoni, katika tamthilia fupi iliyopigwa kwenye nyumba moja Mkunazini. Bibi aliyecheza mama mkwe alikuwa na maneno matano tu ya kusema: "Haya mwanangu, nyumba ni yako." Mara ya mwanzo aliyasema kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Mara ya tatu akaivuta ile "yako" kidogo, akageuza uso, na sote tuliokuwemo chumbani tukajua kuwa mkaza mwana yule hatokaa nyumba ile. Mwongozaji hakusikia. Kamera iko begani, jicho liko kwenye kioo, anapigana na fokasi ili picha isiwe na ukungu. "Bi mkubwa, turudie, umetoka kwenye fremu." Bibi akarudia, tena na tena. Ile "yako" haikurudi.

Hapa Unguja karibu kila dairekta ndiye kameramani, ndiye mtu wa taa, na usiku ndiye anayehariri. Wengi wetu tumetokea kwenye video za harusi, ambako kazi ni mtu mmoja, kamera moja na betri mbili mfukoni. Ni ukata uliotufundisha hivyo. Siku hizi lakini ukata umegeuzwa sifa, na vijana wanaamini mwongozaji wa kweli hupiga mwenyewe. Mfano wao ni Mmexico Alfonso Cuarón, aliyeiongoza filamu ya Roma na kuipiga picha kwa mkono wake, akachukua Oscar mbili mwaka 2019, moja kwa kila kazi.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanga wa Mji Mkongwe ni mkorofi: saa sita mchana ukuta wa chokaa unawaka, ukipiga hatua mbili ndani ya uchochoro sura nyeusi inamezwa na kivuli. Anayeujua mwanga huo kwa jicho lake huamua papo hapo, bila ya kumweleza mtu. Halafu ziko kazi ambazo mtu wa pili huziharibu. Dada zetu wanaopiga harusi upande wa wanawake, ambako mwanamme haingii, hufanya kila kitu peke yao, na ndiyo maana wanaaminiwa. Mama anayefunga mwani Paje maji yakiwa yamekupwa atazungumza na mtu mmoja aliyechutama naye topeni. Wakija watano na taa zao, atatengeneza kanga na kujibu kama anayehojiwa na serikali. Kwa filamu za maisha halisi, basi, mimi niko upande wao moja kwa moja.

Tamthilia ni jambo jengine, na hapo mfano ninaoupenda ni wa Ernest Dickerson. Huyu Mmarekani alisomea usanifu majengo chuo cha Howard kabla ya kukutana na Spike Lee, mwongozaji wa baadaye, katika masomo ya filamu New York. Ndiye aliyeipiga picha filamu ya Lee, Do the Right Thing ya 1989, ambamo mtaa wa Brooklyn unaungua kwa joto la siku moja. Mtazamaji wa hapa aliyewahi kukaa barazani wakati wa kaskazi analitambua joto lile kwenye ngozi za watu. Dickerson alijua kuimulika ngozi nyeusi kama wachache wa zama zake. Na bado, alipoongoza filamu yake, Juice, mwaka 1992, kamera alimkabidhi Larry Banks. Baadaye akaenda kwenye televisheni, akaongoza vipindi kadhaa vya The Wire. Ujuzi wa kamera ulibaki kichwani mwake, ukamsaidia kuelewana na mpiga picha. Macho na masikio akayaelekeza kwa waigizaji.

Sikio hilo kwetu ni jambo zito zaidi kuliko kwa wengi. Hadithi za Kizanzibari zimo ndani ya maneno: fumbo, kijembe, heshima iliyozidi kipimo mpaka ikawa tusi. Mtu wa Micheweni hazungumzi kama mtu wa Vuga, na wa Makunduchi ana lake. Mwongozaji asiyesikiliza humwacha mvuvi azungumze kama msoma habari. Kaa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililopo tangu 1998, uwatazame watazamaji: kicheko kikubwa hufuata neno.

Najua jibu nitakalopewa: pesa ya mtu wa pili iko wapi? Haipo. Lakini waongozaji wawili wanaweza kubadilishana, leo naongoza mimi unapiga wewe, kesho kinyume chake. Na huyo Cuarón anayetajwa alikuwa na watu wa fokasi, wa taa na wa sauti. Alishika kamera, hakubeba kila kitu.

Usiku ule wa Mkunazini, wakati wa kuhariri, mwongozaji alivaa hedifoni akaisikia "yako" ya tatu. Akairudisha mara nne, kimya. Bibi alikuwa nusu nje ya fremu, bega tu na ncha ya ushungi. Ndiyo aliyoitumia.